Hotuba juu ya Viasi vya Bunduki za Kuwindia

Iliyosomwa mbele ya watu wa Songo Songo



Tumetakiwa tuseme nanyi juu ya bunduki za kuwindia, na hasa juu ya viasi vyake, na tofauti iliyopo baina ya kiasi kimoja na kingine. Twajua ya kuwa wako watakaouliza, Watu wa kisiwani wana nini na bunduki? Hapa hapana ndovu, wala nyati, wala simba. Mawindo yenu ni samaki, na silaha zenu ni mshipi, wavu na chusa. Maneno hayo ni kweli. Lakini ni nani kati yenu asiye na jamaa ng'ambo ya pili, Somanga, au Njia Nne, au Kilwa Kivinje, au ndani zaidi hata Liwale? Na jamaa huyo, mahindi yake yakikaribia kukomaa, hulala dunguni kulinda nguruwe. Wataalamu waliohesabu mambo haya walitangaza mwaka 2005 ya kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 katika Tanzania, na kujeruhi zaidi ya 308. Na sehemu zilizopatwa zaidi zilikuwa hizi zetu za kusini mashariki. Si wachache walioshikwa mashambani wakilinda mazao, maana nguruwe hufuata mahindi, na simba hufuata nguruwe.

Basi mtu aliye dunguni na bunduki mkononi, akaona macho yanang'aa gizani, hana budi kujua bunduki yake yaweza nini na haiwezi nini. Akipiga kwa silaha isiyofaa, mnyama huondoka na jeraha, na deni la jeraha hilo hulipwa na mtu mwingine, labda mwanamke aendaye kisimani asubuhi asijue lililotokea usiku. Ndiyo maana tumeona neno hili lafaa kusemwa hata kisiwani.

Kwanza yapasa tujue kiasi ni kitu gani. Ni ganda la shaba, na ndani yake mna vitu vitatu: fataki kitakoni, baruti katikati, na risasi mdomoni. Sindano ya bunduki hupiga fataki, fataki huwasha baruti, na baruti hugeuka gesi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ninyi watu wa Songo Songo hamna haja ya kufundishwa nguvu ya gesi iliyofungwa, kwa kuwa gesi ya kisiwa hiki, iliyogunduliwa mwaka 1974, yapelekwa kwa bomba mpaka Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Kasiba ya bunduki ni bomba pia. Gesi ya baruti ndani ya bunduki ya .303 husukuma kwa nguvu ipitayo mara 3,000 nguvu ya hewa hii tuivutayo, nayo haina njia ya kutokea ila mbele, na mbele imesimama risasi.

Risasi ikiisha kutoka mdomoni mwa bunduki, hakuna tena kitu kinachoisukuma. Hewa huirudisha nyuma, na ardhi huivuta chini. Watu wengi hudhani ya kuwa risasi ya bunduki nzuri huenda moja kwa moja kama uzi ulionyoshwa. Sivyo. Kama ungeishika bunduki sawasawa mahali tambarare ukaipiga, na mwenzako akaachia nazi wakati uo huo kutoka urefu uo huo, risasi na nazi zingegusa chini karibu pamoja. Kila risasi, kubwa au ndogo, huanguka kama nazi. Tofauti ni kwamba risasi yenye mbio hufika kwa mnyama kabla haijapata muda wa kuanguka sana. Risasi ya .303 ya vita hutoka kwa mbio za mita 744 kwa sekunde; ikifika mita 100 imeanguka karibu sentimita 10, na kwa mita 200 karibu sentimita 45. Risasi ya Mauser ya zamani ya mwaka 1871, itokayo kwa mita 435 hivi kwa sekunde, kwa mita 100 imeanguka karibu sentimita 30, na kwa mita 200 yapata mita moja na nusu. Aliyelenga bega la nyati kwa umbali huo, pasipo kuinua kilengeo, atapiga majani. Fundi wa bunduki hutengeneza vilengeo ili kasiba iinuke kidogo na kufidia anguko hilo, lakini hawezi kufidia kwa umbali usiojulikana, na usiku umbali haujulikani.

Tena neno juu ya majina, maana yamewapoteza wengi. Waingereza waliziita bunduki zao kwa upana wa kasiba kwa inchi: .303 ni sehemu 303 za elfu moja ya inchi. Wadachi walitumia milimita, na mara nyingine wakaongeza urefu wa ganda: 9.3 kwa 62. Lakini majina hayo si ya kutegemea sana. Risasi ya .404 upana wake hasa ni .423, na ya .470 ni kama .475. Mtu akienda dukani na kiasi kinachofanana kwa jina tu, akakilazimisha kuingia, yaweza kumpasukia usoni. Soma jina lililopigwa chapa kitakoni mwa ganda, ulilinganishe lote na lile lililochorwa kwenye kasiba.

Sasa tuzitazame bunduki zenyewe, tukianza na ile mnayoijua, gobori. Gobori hushindiliwa kwa mdomo, baruti yake ni nyeusi, na risasi yake ni tufe. Tufe la upana wa milimita 16 lina uzito wa gramu 24 hivi, nao si uzito mdogo. Wazidi mara mbili risasi ya.303. Lakini tufe hupambana na hewa kwa kifua kipana, na mbio zake hupotea upesi. Yaliyokuwa makubwa zaidi yalikuwapo: yule msasi Mwingereza Frederick Selous, alipokuwa kijana huko kusini mwa Afrika, aliwinda ndovu kwa gobori lililotupa tufe la gramu 113, nalo lilimpiga bega vibaya hata akasema baadaye ya kuwa lilimharibia ushupavu wa kulenga. Ndiye aliyeuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, kwa risasi moja ndogo ya askari wa Kidachi, na jina lake likawekwa juu ya hifadhi kubwa iliyo nyuma ya nchi yetu. Sehemu ya kaskazini ya hifadhi hiyo ilipewa jina la Nyerere mwaka 2019.

Wazee wetu wa Umatumbi walipoingia vitani mwaka 1905 walikuwa na magobori, mikuki na mishale. Walio wengi katika askari wa Wadachi walikuwa na Mauser ya 1871, na tena ilikuwapo mizinga ya bombomu. Kinjikitile wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji, wakaamini ya kuwa risasi zitageuka maji. Wadachi wakamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Hatuwacheki wazee hao. Mtu mwenye gobori, kisha kuona tufe lake halimfikii adui aliye mbali hali risasi ya adui yamfikia yeye, hana la kutegemea ila moyo wake. Risasi ya Mauser ile ilikuwa gramu 25 za risasi tupu isiyovikwa shaba, nayo ikipiga mwili hupanuka na kuvunja mifupa. Gobori na Mauser ile hutupa uzito ulio karibu sawa. Lakini risasi ya Mauser ni ndefu, na ndani ya kasiba mna mifereji inayoizungusha kama pia, hivyo haipinduki njiani, na hewa haiizuii kama izuiavyo tufe.

Ubaya wa Mauser ile ulikuwa moshi. Baruti nyeusi hufanya wingu mbele ya mpigaji, adui ajue alipo, na mwindaji asione kama amepata au amekosa. Mwaka 1884 Mfaransa Vieille alibuni baruti isiyo na moshi, na kwa miaka michache tu bunduki zote za vita zikageuka. Huku kwetu mabadiliko yalichelewa. Vita vya 1914 vilipoanza, makampuni mengi ya askari wa Wadachi yalikuwa bado na bunduki za moshi. Merikebu ya Marie, iliyopenya doria ya Waingereza ikatia nanga ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, mwezi wa Machi 1916, ilileta shehena kubwa ya silaha na viasi vipya. Wazee wa Sudi waliwasimulia wana wao jinsi wapagazi walivyoibeba shehena hiyo kwenda bara.

Kwa baruti mpya risasi ilipata mbio, na kwa kupata mbio iliweza kuwa nyembamba. Hapo ndipo ulipoanza mzozo wa wawindaji usiokwisha hata leo: ni ipi bora, risasi nyepesi yenye mbio, au risasi nzito iendayo taratibu?

Wa upande wa mbio hupima nguvu. Na ukipima kwa nguvu maneno yao yaonekana kweli, kwa kuwa uzito ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara mbili, bali mbio zikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Risasi ya Mauser ya moshi ina nguvu ya kuinua mzigo wa kilo 240 kwa urefu wa mita moja. Ile ya .303, ambayo uzito wake haufiki nusu, yaweza kuinua zaidi ya kilo 300. Na ile ya Kidachi ya milimita 8 yenye ncha kali, gramu 10 tu, itokayo kwa mita 878 kwa sekunde, yaweza kuinua kilo 390. Kwa hesabu hiyo, iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kijana akiisikia hesabu hii hufurahi, akaenda kumpiga nyati nayo.

Lakini nyati hainuliwi. Nyati yataka apenywe. Na katika habari ya kupenya, ninyi ndugu zetu wavuvi ni walimu wetu. Chukueni chusa lenye uzito wa kilo mbili, na jiwe la kilo mbili, mvirushe kwa mkono mmoja na kwa mbio zile zile juu ya gamba la kasa. Jiwe litaruka kando, chusa litaingia. Uzito ni mmoja na mbio ni zile zile, ila chusa limeukusanya uzito wake wote nyuma ya ncha nyembamba. Basi kila risasi ipimwe hivyo: uzito wake ugawanywe kwa eneo la uso wake, tuone kila sentimita moja ya mraba yasukumwa na gramu ngapi.

Tufe la gobori tulilolitaja lina gramu 12 tu. Risasi ya ncha kali ya milimita 8, ile iliyoinua kilo 390, ina gramu 19. Ya .303 ina 23. Na hapa tazameni jambo la ajabu: risasi ya kwanza ya milimita 8, ile ndefu yenye pua ya mviringo, gramu 14.7, ambayo majeshi yaliitupa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu ilikuwa nzito mno na mbio zake chache, ina gramu 29, sawa kabisa na .404 ya ndovu. Ganda ni lile lile kwa jina, ila risasi iliyomo mdomoni ndiyo iliyobadilika, na ubora wake kwa mwindaji mwenye wanyama wakubwa ukabadilika nayo. Ndiyo sababu sisi hatumjibu mtu aulizaye, Bunduki gani ni nzuri? mpaka aseme imetiwa risasi gani.

Hesabu hii ndiyo ifumbuayo kile kitendawili cha Bell. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja katika Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya 1,000, na walio wengi kati yao aliwaua kwa Mauser ndogo ya milimita 7, bunduki ambayo wengine wangepigia paa. Nguvu yake ni pungufu kuliko .303. Lakini risasi yake ya gramu 11.2, ndefu, yenye pua ya mviringo, iliyovikwa ganda gumu mzima, ina gramu 27 nyuma ya kila sentimita ya uso, sawasawa na .375. Ilikwenda moja kwa moja hata ubongoni. Tena Bell hakubahatisha. Aliwahi kukipasua kichwa cha ndovu kwa msumeno toka mbele hata nyuma ili aone ubongo umekaa wapi. Ubongo wa ndovu ni mdogo kwa kadiri ya kichwa chake, kilo tano hivi, nao umefichwa nyuma na chini, kati ya matundu ya masikio. Sehemu kubwa ya mbele ya fuvu ni mifupa yenye vijumba vitupu kama sega la nyuki. Asiyejua hayo hupiga paji la uso, na risasi hupita juu ya ubongo.

Twasema haya kwa sababu jina la Bell limewaponza watu. Husema, Kama Bell aliweza kwa milimita 7, mimi nitashindwaje kwa .303? Jibu ni kwamba yeye alipiga mchana, katika nchi yenye nafasi, ndovu wakiwa hawajamjua, naye alikuwa na jicho ambalo Mwenyezi Mungu huwapa wachache. Kichaka cha Liwale, ambamo humwoni ndovu mpaka amekukaribia hatua kumi na tano, si Karamoja.

Na .303 ina kasoro yake yenyewe. Risasi yake ya vita iliyotolewa mwaka 1910, ile ya gramu 11.3 iitwayo ya saba, ncha yake ni kali, na ndani ya ncha hiyo mna alumini au kitu kingine chepesi badala ya madini ya risasi. Uzito wote umekaa nyuma. Nahodha apakiaye shehena yote shetrini ajua chombo chake kitafanya nini wimbi likikipiga: kitageuka ubavu. Risasi ile hewani hutulia kwa sababu yazunguka, lakini ikiingia katika nyama hupinduka. Kwa mwili wa mtu hilo ni jeraha baya. Kwa kichwa cha ndovu, ama bega la nyati, ni kupotea njia. Huingia hapa, ikageukia kule, isifike ilikotumwa. Kuna watu walioapa ya kuwa walilenga vizuri, nasi twawaamini. Risasi yenyewe ndiyo iliyoacha njia.

Yako tena maneno ya risasi laini na risasi ngumu. Iliyo laini, yaani iliyoachwa uchi puani, hufunguka kama ua ikipiga, ikafanya tundu pana. Hiyo ndiyo ifaayo kwa simba, chui, nguruwe na swala, ambao ngozi zao si nene. Kwa ndovu haifai hata kidogo, maana hufunguka kwenye mfupa wa kwanza ikasimama. Iliyo ngumu, iliyovikwa yote, hupita. Kwa ndovu na kiboko ndiyo hiyo. Kwa simba yaweza kupita upande mpaka upande bila kumwangusha, akawa na muda wa kukufikia. Kwa nyati wawindaji wenyewe hawapatani. Walio wengi hutia laini kwanza na ngumu zinazofuata, nasi twaona hiyo ni desturi ya busara.

Sasa bunduki kubwa. Tutaje nne tu. Mwaka 1905 fundi Otto Bock wa Berlin alitoa 9.3 kwa 62, akiwakusudia wakulima wa Kijerumani wa Afrika waliotaka bunduki moja ya bei ndogo kwa wanyama wote. Risasi yake gramu 18.5, mbio zake za kwanza zapata mita 660. Ya pili ni .404 ya Jeffery, ya London, yenye risasi ya gramu 26 hivi na mbio za mita 648. Ya tatu ni .375 ya Holland & Holland, iliyotolewa mwaka 1912, gramu 19.4 na mita 760. Ya nne ni .470, bunduki ya kasiba mbili, gramu 32.4 na mita 655. Nguvu ya .404 na ya .375 ni karibu sawa, kuinua kilo 550 na kitu; .470 hufika 700.

Twaona .375 ndiyo bora kwa mtu atakayekuwa na bunduki moja tu. Haianguki sana kwa mita 200, hivyo yafaa kwa pofu nyikani. Na kwa risasi ngumu hupenya hata ndovu. Kanuni za uwindaji za Tanzania zimeiweka kuwa ndogo kuliko zote ziruhusiwazo kwa wanyama wakubwa wakali. Bali kwa askari wa wanyama, ambaye kazi yake ni kuingia kichakani nyuma ya ndovu walioharibu mashamba, wa kale walichagua .404, nao walikuwa na sababu. Idara za wanyama za Tanganyika na Kenya zote mbili ziliipenda. Risasi yake ni pana na nzito. Kwa umbali wa karibu, hata ikikosa ubongo kwa kidogo, kishindo chake huweza kumlevya ndovu akasita, na askari akapata nafasi ya risasi ya pili. Ya milimita 7 ikikosa ubongo kwa upana wa kiganja, ndovu hajui kama amepigwa. Huko Liwale ndiko alikokuwa C. J. P. Ionides, aliyeingia Idara ya Wanyama mwaka 1933, yule ambaye watu walimwita Bwana Nyoka. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwasukuma ndovu watoke mashambani waingie hifadhini, na kuwafuata simba wala watu. Na kazi kama ile haifanywi kwa bunduki ya kusitasita.

Na .470? Ni silaha nzuri mno, na ganda lake kubwa huiacha baruti ifanye kazi bila kujibana, hata jua likiwa kali. Lakini ni nzito, ni ghali, nayo hupiga bega. Mtu aogopaye teke la bunduki hufumba macho kabla ya kuvuta kilimi, na aliyefumba macho hana silaha, hata akipewa mzinga. Afadhali .375 mikononi mwa asiyeogopa kuliko .470 mikononi mwa mwenye kutetemeka.

Iko bunduki moja zaidi ambayo hatuwezi kuiacha, ingawa si ya kuwindia. Ni ile ya vita ya Kirusi, iitwayo AK-47, iliyoenea Afrika baada ya miaka ya 1960. Risasi yake ni gramu 8 tu, nguvu yake ni ya kuinua kilo 200, na nyuma ya kila sentimita ya uso wake mna gramu 16, juu kidogo ya tufe la gobori. Kwa kila kipimo tulichokitumia leo haifai kwa ndovu. Majangili waliitumia kwa kumwaga risasi nyingi juu ya kundi zima, mama na watoto, wakachukua meno ya walioanguka. Walioondoka na risasi matumboni hufa kwa siku nyingi, ama huishi na uchungu na kuwakasirikia watu. Katika hesabu ya mwaka 2009 ndovu wa nchi ya Selous walikuwa karibu 39,000. Katika ile ya mwaka 2013 walibaki 13,084. Aonaye ndovu mkali njiani baina ya Njinjo na Liwale, akashangaa ukali huo umetoka wapi, atazame huko.

Sasa turudi dunguni, kwa jamaa yenu mwenye gobori. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kuwa na bunduki yo yote bila leseni, na gobori limo. Hata mwenye leseni yake ajue haya. Kwa nguruwe aliye hatua ishirini gobori laweza kutosha. Kwa simba halitoshi. Tufe litakwama begani. Moshi utamfunika mpigaji asione simba amekwenda wapi. Na kushindilia tena kwataka nusu dakika na zaidi, hali simba aliye hatua ishirini ataka sekunde mbili. Simba akija, heri kupiga debe, kuchochea moto, kubaki juu na kukaa wengi pamoja. Na asubuhi habari ipelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa afisa wa wanyamapori wa wilaya, aje mwenye silaha inayostahili. Kama simba amekwisha jeruhiwa, isemwe wazi ya kuwa amejeruhiwa, na kwa bunduki gani, na alikopigwa. Watu huficha kwa kuogopa kesi, na askari huja akifuata simba mzima, kumbe aliye majanini ni mwenye jeraha. Kuficha huko kwaweza kumwua askari.

Limebaki jambo moja, lihusulo hasa kisiwa hiki na pwani yote, nalo ni unyevu. Mwezi wa Aprili 1915 merikebu ya Kidachi iitwayo Rubens ilifukuzwa na manowari ya Waingereza ikazama katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, pamoja na viasi vyake. Vikaopolewa kutoka majini, vikafunguliwa kimoja kimoja, baruti ikaanikwa, vikafungwa tena. Vingi vilipigana vita vyema; lakini vingi vilikataa kuwaka pale vilipohitajiwa. Hewa ya chumvi hufanya kazi ile ile polepole. Ganda likiota kutu ya kijani limekwisha dhoofika, na kulikwangua kwa kisu ni kulipunguza zaidi. Aliye mlinzi halali, mwenye viasi vya serikali, na aviweke katika bati lenye mfuniko wa kukaza, pasipo jua na pasipo mafuta, kwa kuwa mafuta nayo hupenya fatakini. Asiviache chomboni juu ya sitaha adhuhuri, maana baruti iliyopata joto husukuma kwa nguvu kupita kadiri, na ganda hung'ang'ania ndani ya kasiba.

Na ikiwa amevuta kilimi, sindano ikagonga, na bunduki isilie, basi asiifungue upesi. Fataki iliyopata unyevu huweza kuwaka kwa kuchelewa. Aielekeze kasiba mahali pasipo mtu, ahesabu polepole hata thelathini, ndipo atoe kiasi kile, akitenge na vingine, akipeleke kwa mwenye ghala.